Kwaya ya Darasa la Kwanza: Namna ya Kumsikia Mtoto Mmoja Ndani ya Siku Moja

Mada kwa walimu wa darasa la kwanza na la pili, Kata ya Chuno, Manispaa ya Mtwara Mikindani

1. Utangulizi



Nimeombwa nizungumzie siku ya kujifunza ya mtoto wa darasa la kwanza. Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja nilikuwa na mtoto wa dawati la pili mwenye sauti kubwa kuliko wenzake wote. Tukisoma kwa pamoja, yeye ndiye kiongozi. Siku moja, mwezi wa tisa, nikamwita mezani asome peke yake. Akaanza vizuri, kidole kikitembea juu ya mistari. Kabla hajamaliza nikafunua ukurasa wa pili. Hakusita hata kidogo. Aliendelea kusoma maneno ya ukurasa tuliouacha. Tangu Januari nilikuwa nampa alama nzuri, kumbe alichokuwa nacho ni masikio mazuri na kumbukumbu nzuri. Macho yake hayakuwa yakisoma kitu.

Hoja yangu leo ni hii moja: kuitikia kwa pamoja kunamficha mtoto asiyejua, na siku yetu ya darasani imejaa kuitikia kwa pamoja. Tusiufute wimbo wa darasa, bali kila siku tuutafutie nafasi ya kunyamaza ili mtoto mmoja asikike.

2. Tulikotoka

Mwaka 2015 tulianza mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa darasa la kwanza na la pili. Asilimia 80 ya muda ikawekwa kwenye KKK, na tukahimizwa kuanza na sauti ya herufi badala ya jina lake. Januari 2016 ikaja elimu bila ada. Watoto wakamiminika, na madarasa mengi yakavuka kile kiwango cha wanafunzi 45. Mkoa wetu wa Mtwara ukawa miongoni mwa mikoa ya mradi wa Tusome Pamoja, pamoja na Iringa, Morogoro na Ruvuma. Januari 2024 darasa la kwanza likaanza mtaala ulioboreshwa. Na sisi hapa tunakutana kwa utaratibu wa MEWAKA, walimu tukifundishana kazini.

Yote hayo ni mema. Lakini hakuna mtaala wala mradi utakaomsikiliza mtoto kwa niaba ya mwalimu.

Tena kumsikiliza mtoto mmoja mmoja si jambo geni kwetu. Wengi tuliozaliwa pwani hii tulipita chuoni, chuo cha Kurani, kabla ya shule. Chuoni kulikuwa na kelele kweli, kila mtoto akisoma lake kwa sauti. Lakini ilikuwa lazima uende mbele ya mwalimu na juzuu yako, usome pale ulipofikia wewe, si alipofikia jirani yako. Ukikosea unarudi nyuma. Ukisoma vizuri unaongezewa. Mwalimu alijua kila mmoja amefika wapi. Hilo ndilo ninaloomba lirudi darasani.

3. Siku yenyewe

3.1 Mstarini na mahudhurio

Siku inaanza na usafi, mstari, wimbo wa taifa na kukagua kucha. Kisha darasani: "Shikamoo mwalimu!" Mara nyingi mahudhurio tunayajaza haraka. Ninashauri kila mtoto ajibu jina lake kwa sentensi fupi: "Nipo, leo nimekuja na dada." Hapo mwalimu anapata mambo mawili kwa wakati mmoja. Anajua nani hayupo, hasa siku za bamvua maji yanapokupwa mbali na msimu wa korosho mikono inapotakiwa mashambani. Pia anasikia matamshi ya kila mmoja.

Katika matamshi tuwe na subira. Mtoto aliyelelewa na bibi anayesema Chimakonde anaweza kutia "chi" penye "ki", kwa sababu ndivyo lugha ya nyumbani inavyojenga maneno yake. Hata jina lake lenyewe, Chimakonde, linaonyesha hivyo. Darasa likimcheka, kesho atanyamaza, na mtoto anayenyamaza anajificha vizuri zaidi ndani ya kwaya. Mwalimu arudie neno kwa Kiswahili sanifu, kwa upole, somo liendelee.

3.2 Kusoma

Kipindi ni dakika 30. Tuanze pamoja: sauti mpya, silabi zake, maneno yake. Hapo kwaya inafaa, inawapa moyo wanaoogopa. Ikiisha, tuchanganye kadi. Mtoto aliyezoea "ba, be, bi, bo, bu" kwa mpangilio aonyeshwe "bo" kwanza, halafu "bi". Anayejua atasoma, aliyekariri ataanza upya kutoka "ba" mpaka aifikie. Tofauti hiyo inaonekana kwa sekunde chache tu.

Akisoma sentensi, tumwulize swali moja: nani alikwenda? Alikwenda wapi? Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto anaweza kutamka mstari mzima sawasawa na asielewe unasema nini.

3.3 Kuandika

Chuno hatukosi mchanga. Kabla ya daftari, watoto watoke nje, wachuchumae kwa safu, waandike herufi kwa kidole. Hakuna penseli ya kuvunjika wala karatasi ya kuisha. Mwalimu akipita katikati ya safu anaona papo hapo nani ameanzia juu, nani ameanzia chini, nani amegeuza "b" ikawa "d". Mtoto akikosea anafuta kwa kiganja, anaanza tena bila aibu ya mkasi mwekundu.

3.4 Mapumziko na kuhesabu

Hapa nina ushahidi wa macho yangu. Wakati wa mapumziko mtoto anampa mama wa vitumbua shilingi 500, anachukua vitumbua viwili vya mia mia, anadai chenji yake 300 na anaihesabu. Kengele inalia, tunaingia darasani, naandika ubaoni 5 kutoa 2, yule yule ananitazama tu.

Kwa mama wa vitumbua hakuna kwaya. Hakuna wa kumjibia. Akikosea, hasara ni yake. Darasani anajua wenzake watajibu. Basi tulete duka darasani: visoda viwe fedha, kauri za ufukweni ziwe bidhaa, vijiti kumi vifungwe kamba viwe kumi moja. Korosho ghafi tusizitumie, ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi na midomo. Muuzaji na mnunuzi wawe wawili, wengine wakague chenji.

4. Pendekezo: watano kwa siku

Kila siku, wakati darasa likiandika, mwalimu aite watoto watano mezani, dakika mbili kwa kila mmoja. Jumla ni dakika 10. Darasa la watoto 45 linamalizika kwa siku 9 za shule. Darasa la 90 linamalizika kwa siku 18, yaani karibu mwezi mmoja wa masomo. Daftari la kawaida linatosha: jina, tarehe, na alama moja ya alipofikia, iwe sauti, silabi, neno au sentensi. Atakayekuwa hayupo siku yake awe wa kwanza siku atakayorudi.

Mtaniambia, wengine watapiga kelele. Watapiga. Wiki ya kwanza ni ngumu; tuwape kazi fupi inayoeleweka, na kila dawati liwe na kiranja wake. Mtaniambia pia kwamba darasa ni kubwa mno. Ni kweli, na kuomba walimu na vyumba tuendelee kuomba. Lakini darasa likiwa kubwa, kwaya inakuwa kubwa, na wanaojificha wanaongezeka. Mwenye watoto 90 ndiye anayelihitaji zaidi daftari hili.

5. Hitimisho

Upimaji wa darasa la pili hausomwi kwa pamoja. Siku hiyo mtoto anabaki peke yake na karatasi yake, na tusiyemsikia mwaka mzima tutamjua siku ambayo muda umekwisha kutupita.

Ombi langu ni dogo. Leo kabla ya kulala, kila mwalimu aandike majina matano ya watoto ambao hakumbuki kuwasikia wakisoma peke yao. Kesho aanze na hao.