Maji Yafuate Ngazi



Mtu akitaja maji machafu ya viwanda vya vyakula na vinywaji, wengi wetu tunawaza kiwanda cha bia, mabomba na mitambo ya umeme. Huku kusini mwa Maniema kiwanda ni pipa juu ya mafiga, mashine ya kukamua kwa mkono, na akina mama wanaochota maji tangu alfajiri. Hicho nacho ni kiwanda. Kinanunua, kinapika, kinauza, na kinamwaga. Leo tuseme juu ya kile kinachomwagwa.

Tuanze na mawese. Katika viwanda vikubwa, tani moja ya mafuta hula tani 5 hadi 7 na nusu za maji, na zaidi ya nusu ya maji hayo hutoka yakiwa mazito, ya rangi ya udongo. Tukihesabu kwa bido letu la lita 20, ni kusema bido moja la mafuta linadai lita 90 au zaidi, na mabido mawili na ushee yanageuka maji machafu. Hayana dawa ya kuua. Yana mabaki ya ngazi, yaani matunda ya mchikichi, mafuta yaliyoponyoka, na ukali wa asidi. Lakini yakiingia kijitoni, vijidudu huanza kuyala, na vikila hutumia hewa iliyomo ndani ya maji. Wataalamu huipima hewa hiyo. Lita moja ya maji yanayotoka kwenye vyoo na majiko ya mjini hudai miligramu mia chache tu za oksijeni. Lita moja ya maji ya mawese hudai kama 25,000. Basi samaki wa kijitoni hufa kwa kukosa pumzi.

Muhogo una lake. Ukilowekwa, sumu ya sianidi hutoka kwenye mizizi na sehemu yake hubaki majini. Ndiyo faida ya kuloweka, unga uwe salama. Ila maji hayo yakifunguliwa kwenda kwenye bwawa la samaki au kisima, tumeitoa sumu kwenye sahani tukaitia kwenye ndoo. Yamwagwe mbali na chanzo, mahali pa wazi penye jua, kwa sababu sumu hiyo ni nyepesi na huruka hewani.

Sasa, kwa nini watu wanakamulia kando ya kijito? Si ujinga. Maji ni mazito, na anayeyabeba ni mama au binti. Kiongozi anayesema "sogeeni mbali na chanzo" bila kusema nani atabeba hayo mabido, ametoa amri kwa mgongo wa mwenzake. Amri ya namna hiyo hufuatwa wiki moja, kisha watu wanarudi mtoni.

Jibu ni kuyatumia maji mara ya pili. Mafuta yakishaenguliwa, maji yanayobaki bado ni ya moto na bado yana mafuta ndani. Yaoshee makapi ya zamu inayofuata. Mama atapunguziwa safari za kijitoni, kuni zitapungua, na mafuta kidogo yaliyokuwa yanapotea yatarudi kwenye bido. Hapo ndipo kuhama kando ya mto kunawezekana. Maji yafuate ngazi, ngazi zisifuate maji.

Yakishachoka kabisa, yachimbiwe mashimo matatu yanayofuatana, juu ya mteremko, mbali na chanzo. Tusipungue zile mita 30 zinazoshauriwa kati ya choo na kisima, na zikizidi ni bora. Shimo la kwanza maji yapoe na mafuta yaelee. Yaenguliwe, yapikwe sabuni. La pili, yatiwe majivu ya vikonyo vya ngazi, maana majivu hayo hupunguza asidi, kisha yaachwe majuma kadhaa vijidudu vimalize kazi. Yatanuka, kwa hiyo lisiwe karibu na nyumba. La tatu, tope litulie. Maji yatakayobaki yaende kwenye migomba. Yasinywewe, yasiogewe. Tope likikauka ni mbolea, kwa kuwa chumvichumvi zilizotoka shambani na mashada ya ngazi zimo humo.

Kuna atakayesema hayo ni ya nchi tajiri. Malaysia haikuanza na utajiri. Mito yake ilioza kwa maji ya mawese, na mwaka 1977 serikali ikatoa kanuni: kipimo kile cha hewa kishuke hatua kwa hatua, kutoka miligramu 5,000 kwa lita mwaka 1978 hadi 100 mwaka 1984, na anayemwaga uchafu mwingi alipe ada kubwa. Viwanda vingi vilijibu kwa kitu gani? Mabwawa ya udongo yanayofuatana. Na mchikichi wenyewe ulitoka Afrika. Aina ya tenera, yenye ganda jembamba na mafuta mengi, siri ya kuipata ilifumbuliwa Yangambi, hapa Kongo, mwanzoni mwa miaka ya 1940. Malaysia walichukua elimu yetu ya ngazi. Nasi tuchukue yao ya maji.

Sheria tunazo: ile ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011, na ile ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015. Lakini sheria ya Kinshasa haichimbi shimo huku Kabambare. Tunawaomba machifu waonyeshe kila kijiji mahali pa kukamulia. Mashirika ya afya na kilimo yatoe majembe na mashine, yasiishie kwenye semina. Nanyi wafanyabiashara wa mawese, ulizeni mafuta yamekamuliwa wapi kabla hamjataja bei, maana neno la mwenye pesa husikika haraka kuliko la redio.

Mto Luama unatoka upande wa Kabambare na kumwaga maji yake Lualaba. Lualaba inapita upande wa Kasongo na kushuka hadi Kindu. Kila kijiji kina jirani wa chini. Anayekamua ndiye anayepata faida, basi kazi ya shimo nayo iwe yake, isiachiwe jirani huyo aliyeshika ndoo.