Kinachopotea Tanurini

Simu hii ya vitufe imelala miaka mingi kwenye mtoto wa meza yangu. Jioni hii tuifuatilie hadi mwisho wake.

Kwanza hutolewa betri. Betri ya lithiamu ikipondwa hushika moto, na moto wake ni mgumu kuuzima. Kisha bodi, ile sahani iliyojaa vipande vidogo vidogo, hupelekwa tanurini. Kiwanda cha Umicore kilichopo Hoboken, pembeni mwa Antwerp nchini Ubelgiji, huiyeyusha kwa joto linalozidi nyuzi 1,000. Plastiki yenyewe hugeuka kuni. Hapo ndipo shaba inapofanya kazi ninayoistaajabia kila ninapoifundisha: ikiyeyuka huzikumbatia dhahabu, fedha na paladiamu, ikatuama nazo chini. Baadaye shaba hutenganishwa kwa asidi na umeme, na masalia yake ndiyo yenye dhahabu.

Faida yake si ndogo. Tani moja ya simu ina dhahabu mara nyingi zaidi ya tani ya mawe ya mgodini. Wajapani walikusanya vifaa vya zamani kuanzia Aprili 2017 hadi Machi 2019, zikiwemo simu zipatazo milioni 6.21, wakapata dhahabu kilo 32 na fedha kilo 3,500. Medali zote za Olimpiki ya Tokyo zikatoka humo.

Lakini tanuri lina pengo, na pengo hilo linatuhusu sisi. Tantali, metali iliyomo kwenye kapasita za bodi hiyo, yaani vipande vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme, hutoka kwenye koltani inayochimbwa kwa sururu na koleo huko Rubaya, Kivu ya Kaskazini, na ndugu zetu wanaozungumza lugha hii hii. Tantali haikumbatiwi na shaba. Huungana na oksijeni, ikaelea juu pamoja na kile wahunzi wetu walichokiita mavi ya chuma. Kitu ambacho watu wamekifia mashimoni huishia kuwa kokoto za ujenzi.

Sasa twende Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi. Fundi simu hupuliza hewa ya moto juu ya bodi mbovu, akanyofoa kipande kizima, akakipandikiza kwenye simu nyingine. Tantali iliyomo inaendelea na kazi yake. Kwa madini haya, meza ya fundi inaokoa kile ambacho tanuri la mabilioni linakipoteza. Inaniuma kuwa sera zetu humtaja kama tatizo.

Madhara ya kazi hizi za mikono yapo, siyafichi. Kwenye soko la vyuma chakavu la Agbogbloshie, jijini Accra, vijana walichoma nyaya hadharani ili wapate shaba, wakivuta moshi wenye sumu. Soko lile lilibomolewa Julai 2021. Lakini wachomaji wale walilitegemea kuuzia mabaki. Ubomoaji haukuwapa mahali pengine.

Ombi langu kwa chuo hiki ni moja: maabara yetu ya metali iwafungulie mafundi milango, tushirikiane nao kung'oa kapasita za tantali kabla bodi hazijasafirishwa ng'ambo. Nyingi ni za manjano au nyeusi, zenye mstari kwenye ncha moja. Fundi aliyezoea huzitambua kwa jicho tu.