Kisima Chetu: Maneno ya Mwenyekiti



Miaka kumi imetimia, alhamdulillah. Mazuri yetu yamekwisha kusemwa. Sisi tunataka tuseme kosa letu moja. Tulitoa akiba tukachimbisha kisima kiende chini zaidi, tukidhani ndiko kupata maji mengi. Maji yakaja kweli, lakini ya chumvi. Hata chai haikunyweka! Mchuma janga hula na wa kwao.

Ndipo tukamwita mtaalamu wa maji. Hakuja na sururu; alikuja na kamba ya kupimia na kidude cha kupima chumvi. Akapima kisima kimoja kimoja, akaandika daftarini. Akatueleza kwamba pwani kama hapa Moa maji matamu huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini. Ukishusha yale matamu futi moja, chumvi ya chini hupanda kama futi 40. Basi kisima kisiwe kirefu mno, tuchote kwa kiasi, na maji ya mvua tuyakinge kwenye mabati.

Kumbe kazi yake ni kupima kwanza! Bodi ya Maji Bonde la Pangani, iliyoanza mwaka 1991, inasimamia pia mto Umba na mito ya pwani yetu. Tuwaulize kabla hatujatoa fedha.

Na mabinti zetu wasome hesabu na sayansi, siku moja waje watupimie wao.