Mtoto Mwenye Hofu na Dalili za Usonji: Msaada Upo Wapi?



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena kutoka Maskati, Mombasa, Unguja, Toronto na miji hii ya Uingereza, naomba mniwie radhi kwamba leo sitazungumzia nasaba yetu kama ilivyo ada. Kamati imenitaka nieleze jambo ambalo nyumba tatu za ukoo huu zinalo, na ambalo hunong'onwa zaidi kuliko kusemwa: mtoto ambaye wasiwasi umemzidi, na ambaye walimu wanashuku kuwa ana usonji wa kiasi kidogo.

Mtoto huyo mnamjua. Ni hodari wa kusoma, pengine aweza kukutajia vituo vyote vya treni kwa mpangilio, lakini mgeni akiingia hujificha. Jumapili jioni tumbo humuuma. Jumatatu hakubali kuvaa viatu. Shuleni ni mtulivu, hasumbui mtu, na akifika nyumbani ndipo hulipuka. Wasichana hasa huwa mahodari wa kuficha, huwaiga wenzao kutwa nzima, na kwa sababu hiyo wengi hutambuliwa wakiwa wamekwisha kuwa wakubwa.

Wako kati yetu wanaosema kadekezwa, na wako wanaosema kapagawa. Usonji ni namna ubongo ulivyokua tangu mwanzo. Malezi ya mama hayauleti. Chanjo nayo haiuleti. Makala ya mwaka 1998 katika jarida la Lancet, iliyozua shaka juu ya chanjo ya surua, ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010, na daktari aliyeiongoza akaondolewa mwaka huo huo katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Kisomo na dua havina ubaya, navyo vyaliwaza. Lakini visichukue nafasi ya mtaalamu. Wasiwasi huandamana na usonji mara nyingi sana: katika kila watoto 100 wenye usonji, takriban 40 wana pia wasiwasi unaostahili tiba.

Sasa msaada. Nitasema ya England, kwani Scotland na Wales zina taratibu zao. Mlango wa kwanza ni shule. Kila shule ya kawaida ya serikali hutakiwa kuwa na mwalimu mwenye dhamana ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Muombe miadi. Ukiambiwa usubiri mpaka daktari athibitishe, usikubali: foleni ya uchunguzi ni ndefu, pengine miaka, na sheria haikuifanya hati ya daktari kuwa sharti. Kinachotazamwa ni haja ya mtoto. Mambo madogo hufaa mno: ratiba ya picha, kadi ya kumruhusu kutoka darasani bila ya kujieleza, kuingia kabla ya msongamano wa asubuhi, mahali patulivu pa kula.

Mlango wa pili ni daktari wa familia, ili ampeleke mtoto kwa wataalamu. Dawa ya usonji hakuna. Wasiwasi, hata hivyo, hutibika kwa mazungumzo ya kitaalamu yaliyorekebishwa kwa ajili yake: picha zaidi ya maneno, mzazi ashirikishwe, na hofu ikabiliwe kwa hatua ndogo ndogo.

Shule ikishindwa, Sheria ya Watoto na Familia ya mwaka 2014 ilimpa mzazi haki ya kuiandikia halmashauri yeye mwenyewe, akiomba mahitaji ya mtoto yapimwe kwa ajili ya mpango uitwao EHCP. Kwa mujibu wake, jibu la kukubali au kukataa hutolewa ndani ya wiki 6, na kazi yote huisha katika wiki 20, ingawa halmashauri nyingi huchelewa. Akikataliwa hukata rufaa. Serikali imekuwa ikizungumzia kuubadili mfumo huu, basi anzeni kwa ushauri wa bure ambao kila halmashauri hutakiwa kuwapatia wazazi.

Mimi niliyezeeka katika mafaili nawasihi: andikeni. Maneno ya simu hayana ushahidi. Kila barua iwe na tarehe, na nakala ibaki nyumbani. Na mwandike visa. "Amekosa shule siku 14 tangu Septemba" huzito kuliko "anateseka sana". Karani hana la kufanya na sentensi ya pili.

Iko pia posho ya ulemavu kwa walio chini ya miaka 16. Haitazami mshahara wa wazazi wala haidai jina la ugonjwa, bali msaada wa ziada anaouhitaji mtoto. Wako wanaoona haya kuiomba. Sioni sababu.

Wazazi wawili miongoni mwetu waliambiwa na mwalimu waache Kiswahili nyumbani, eti mtoto asichanganyikiwe. Tafiti hazikuona kwamba lugha mbili humdhuru mtoto mwenye usonji. Mkimnyima Kiswahili mmemtenga na bibi yake wa Unguja, ambaye pengine ndiye anayemstahamilia kuliko sote.

Nasi jamaa, tusimlazimishe mtoto kubusu mikono ya watu arobaini mlangoni. Salamu ya mbali yatosha. Aelezwe mapema nani atakuwepo na saa ngapi ataondoka. Kamati imetenga chumba kidogo nyuma ya ukumbi huu, chenye mikeka na vitabu, kisicho na muziki. Atakayeingia humo asiulizwe kwa nini, na sahani yake ya pilau ipelekwe huko huko.