Malisho ya Ng'ombe Ni Jambo la Chama

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wafanyakazi wa Usenge)



Huenda wengine wenu wanajiuliza kwa nini chama cha wafanyakazi kinasimama kuzungumza habari ya majani ya ng'ombe. Jibu letu ni fupi. Mfanyakazi wa hapa, awe anavuta nyavu, anapakia omena, anaendesha gari au anafundisha shule, mshahara wake hautoshi peke yake. Nyumbani ana ng'ombe wawili au watatu, na hao ndio benki yake. Karo ikidaiwa, mmoja huuzwa. Mgonjwa akilazwa, mwingine huuzwa. Ng'ombe akifa kwa njaa, akiba ya miaka mingi imekufa pamoja naye. Basi habari ya majani ni habari ya mshahara.

Adui zetu ni wawili, jua na maji. Mwaka 1961 Kenya ilikauka, kisha mwisho wa mwaka huo huo mvua kubwa zikaanguka, na kufikia 1964 ziwa letu lilikuwa limepanda kama mita mbili na nusu. Mwezi wa Mei 2020 lilipita kidogo alama ile ya 1964, na mwaka 2024 mvua ndefu zikalijaza tena. Sisi wa Yimbo tuko kati ya ziwa na kinamasi cha Yala. Wakati wa jua kinamasi ndicho ghala letu, kwa maana majani mabichi hupatikana pale hata vilima vikikauka. Lakini maji yakipanda, ghala lenyewe huzama. Majani yaliyolala majini siku nyingi huoza, na ng'ombe anayesimama matopeni huugua kwato. Hukonda wakati watu wa mbali wanasema mvua imenyesha na malisho yamejaa.

Je, Serikali imefanya nini? Tuseme kweli, imefanya mambo. Mwaka 2015 ilianzisha bima ya mifugo, ikianzia Turkana na Wajir. Setilaiti hupima ukijani wa nchi kutoka angani. Ukipungua kupita kiasi, mfugaji hulipwa mapema, mifugo ikiwa ingali hai, ili anunue majani na dawa. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la taifa, na Kenya Meat Commission ikatumwa kununua mifugo iliyodhoofika, ili wenyewe wasipoteze yote. Tena Serikali iliruhusu mahindi ya manjano na soya za viwanda vya chakula cha mifugo ziingie bila ushuru. Hata hivyo, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua za misimu mitano zilikosekana mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa katika Kenya. Hapo tunajifunza neno moja: shilingi ya majani leo inafaa kuliko shilingi kumi za fidia kesho.

Sasa tutazame upande wetu. Mamlaka ya kukabiliana na ukame, iliyowekwa kwa sheria mwaka 2016, huangalia kaunti 23 zilizo kavu. Hakuna hata moja kati yake iliyo ukingoni mwa ziwa hili. Hatuwaonei wivu ndugu zetu wa Turkana na Wajir, maana shida yao ni kubwa kuliko yetu. Lakini kipimo cha ukijani kilitengenezwa kwa ajili ya ukame. Hakiwezi kusema kwamba majani yako chini ya maji, wala kwamba rangi ile ya kijani ni magugu ya ziwani. Na kuondoa ushuru humsaidia anayenunua chakula cha magunia. Ng'ombe wetu hula shambani.

Kwa Katiba ya 2010, kilimo na mifugo ni kazi ya kaunti. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inaruhusu kaunti iwe na mfuko wa dharura. Kwa hiyo tunadai mambo matatu:

1. Wafugaji wadogo waandikwe kijiji kwa kijiji kabla ya mafuriko, na wajane waandikwe kwa majina yao wenyewe.

2. Marobota ya majani makavu yanunuliwe wakati bei ni nafuu, yawekwe mahali pa juu pasipofikiwa na maji.

3. Chakula cha mifugo kihesabiwe kuwa dharura, na orodha ya waliopewa ibandikwe kwa chifu na bandani pa kupimia samaki, kila mtu aisome.

Lakini tusikae mikono mitupu tukingoja lori la Serikali. Mabua ya mahindi tusiyachome. Tuyakaushe na kuyafunga. Majani ya viazi vitamu tusiyatupe. Nepia ipandwe mahali pa juu. Na omena iliyonyeshewa ikiwa imeanikwa, ambayo huuzwa kwa bei ya kutupa ikatengenezwe chakula cha kuku, kwa nini ushirika wetu usiikusanye na kujadiliana bei kwa sauti moja? Watu wa nchi hii wanajua kuchanga. Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walianzisha Luo Thrift and Trading Corporation kwa hisa za watu wa kawaida.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ofisi haiwezi kujua njaa ya ng'ombe wako kama jina lako halimo kitabuni. Kila mwanachama alete kwa katibu wa tawi jina la boma lake na hesabu ya mifugo yake, pamoja na ya jirani asiyejua kuandika. Tukiwa na kitabu hicho mkononi, tutakwenda Siaya pamoja, na watatusikiliza.

Harambee!