Mdondo wa Kuku: Chanjo ya Punje na Chanjo ya Tone
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Enguserosambu)



Sisi tutumwao huku na huko kwa kazi, mara nyingi twachinjiwa kuku. Kuku yule aghalabu ni mali ya mama wa nyumba, naye ndiye anunuaye daftari na sabuni za watoto. Basi tuna deni kwake.

Adui wa kuku ni mdondo, wengine huuita kideri. Ulitambuliwa mwaka 1926 katika Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza. Ni ugonjwa wa virusi, hauna dawa. Ukiingia katika kundi lisilochanjwa waweza kuliteketeza karibu lote kwa siku chache.

Chanjo iitwayo I-2 hutengenezwa hapa Tanzania. Ikiwa kavu na kuwekwa gizani, hudumu majuma 8 katika joto la digrii 28. Kwetu Enguserosambu, ambako barafu huyeyuka njiani, hiyo ni neema kubwa.

Wengi wameuliza: Kwa nini tusiipake katika punje, kuku wakajilia wenyewe? Swali hili si la kipuuzi. Wataalamu wa Malaysia walilijaribu, na katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ulijaribiwa mchele uliopakwa mafuta. Njia hiyo yafaa kwa kuku wasioshikika. Lakini jogoo mwenye nguvu hula sana, na kifaranga hupata kidogo au hakosi kukosa. Tena nafaka nyingine hudhoofisha chanjo. Kinga yake ni haba kuliko ya tone, nayo yataka kurudiwa.

Tone 1 katika jicho 1 hutosha, kuku mkubwa na kifaranga sawasawa, kila baada ya miezi 3. Wachanjwe wazima tu, kwani chanjo haiponyi mgonjwa. Na kama ni taabu ya kuwakimbiza, tungoje jioni. Wakiisha kulala hushikika pasipo mbio.

Ndugu zetu, silaha yetu ni kalamu. Karani aandikaye kwamba kuku 100 wamechanjwa, kwa kuwa tu punje zao zimemwagwa, ameandika asilolijua. Na mdondo ukija, mama yule hataiamini chanjo tena. Basi tuandike tone kuwa tone, na punje kuwa punje, pamoja na tarehe ya kurudia.

Tumesema.