Wanafunzi wa Sekondari na Kazi za Kujitolea: Wajibu wa Anayepokea

(Yafuatayo ni mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali, walimu, wanafunzi na wakaazi wa Ndandalo, Wilaya ya Kyela, wakati wa ziara ya mafunzo ya watumishi kutoka Zanzibar. Yanachapishwa kwa manufaa ya watumishi na wananchi wa Visiwani.)



Kwa niaba ya ujumbe wa watumishi kutoka Visiwani natoa shukurani kwa makaribisho mliyotupa, pamoja na wali wa mchele wa Kyela, ambao kwetu tumezoea kuusikia sifa kuliko kuuona sahanini. Kwa lugha ya wenyeji wetu nimefundishwa kusema: ndaga fijo.

Nimetakiwa nizungumze juu ya wanafunzi wa sekondari na kazi za kujitolea. Madhumuni ya mazungumzo haya si kuwasifu vijana, kwani wamekwishasifiwa vya kutosha katika risala zilizosomwa kabla yangu. Nitazungumza zaidi na sisi watu wazima tunaopokea kazi yao. Kwa maoni yangu, mwanafunzi anapojitolea, sehemu kubwa ya wajibu inabaki kwa anayepokea, na sehemu hiyo mara nyingi tunaiacha njiani.

Tuanze na kazi tuliyoiona leo, yaani kuzibua mitaro. Mgeni anaweza kuidhania kuwa ni kazi ya kupendezesha mji tu. Mwenyeji anajua sivyo. Bonde la Kyela limelala chini ya milima ya Rungwe na ya Livingstone, kiasi cha mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na maji ya milima hiyo hupita hapa yakielekea Ziwa Nyasa. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo ni mito inayojaa katika msimu mmoja. Mvua ya bonde hili hupindukia milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa yake hunyesha baina ya Machi na Mei. Mtaro ukizibwa na mifuko, pumba za mpunga na maganda ya kakao, maji hayana pa kwenda isipokuwa uani kwa watu. Yakifika uani huingia chooni, na yakitoka chooni huingia kisimani. Baada ya hapo tunazungumza habari ya kipindupindu.

Sisi wa Visiwani hatuyazungumzi hayo kwa kusikia. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 ulisambaa katika sehemu kubwa ya nchi na ukavuka bahari hadi kwetu. Mwezi wa Aprili 2016 ilibidi skuli za Zanzibar zifungwe ili kuzuia maradhi yasienee. Kwa hiyo mwanafunzi anayezibua mtaro hafanyi fadhila kwa watu baki. Analinda darasa lake mwenyewe lisifungwe, na analinda pia nyumba ya mamake.

Ndugu wananchi, baadhi ya watu hudhani kwamba kazi za kujitolea kwa vijana ni jambo lililoletwa na maagizo ya Serikali. Ni kweli kwamba maagizo yapo. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967 ulitaka skuli iwe sehemu ya jamii inayoizunguka. Mwezi wa Novemba 2015 Rais John Magufuli aliagiza Siku ya Uhuru ya tarehe 9 Disemba iadhimishwe kwa kufanya usafi badala ya gwaride, na baada ya hapo Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawekwa kuwa siku ya usafi. Lakini hapa Unyakyusa mtaalamu Monica Wilson, aliyefanya utafiti pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu mwaka 1951, alikuta utaratibu wa zamani zaidi kuliko maagizo yote hayo. Wavulana walipofikia umri wa miaka kumi hivi waliondoka katika nyumba za wazazi wao, wakajenga vibanda vyao pembeni, wakawa kijiji cha rika moja. Hawakuacha kuwatumikia wazee. Waliendelea kulima mashamba ya baba zao. Chakula walikula kwa pamoja, wakizunguka kwa zamu katika nyumba za mama zao.

Wazee waliopo hapa wanalijua jambo hili kuliko mimi, nami sikuja kuwafundisha mila yao. Nimelitaja kwa sababu moja tu. Katika utaratibu ule kijana hakutumika na kusahauliwa. Mlango wa kula ulikuwa unajulikana. Mama wa mwenzake alijua kuwa leo ni zamu yake, na sufuria ilikuwa jikoni.

Historia yetu ya karibu inatupa pia funzo la upande wa pili. Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa tarehe 10 Julai 1963 kwa vijana wa kujitolea, na mwaka 1966 likafanywa kuwa lazima kwa wahitimu wa elimu ya juu. Mwezi wa Oktoba mwaka huo wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti yake, na karibu 400 wakarudishwa majumbani. Ulazima huo ulisitishwa mwaka 1994 na ukarejeshwa mwaka 2013. Kwetu Zanzibar, Jeshi la Kujenga Uchumi limekuwapo tangu 1977. Siingii katika ubishi wa nani alikuwa na haki mwaka 1966. Ninachosema ni kwamba utumishi wa lazima una sheria yake, mafunzo yake na posho yake, na kila mtu anajua kuwa ni wa lazima. Linalodhuru ni kumlazimisha mtoto kisha tukaandika katika taarifa kuwa amejitolea.

Na hapa niseme wazi, kwa kuwa tupo na watumishi. Nimewahi kufika katika skuli moja, sitaitaja jina wala mkoa, nikaoneshwa wanafunzi wakifyeka uwanja. Nikaambiwa ni kikundi cha kujitolea. Nilipozungumza na vijana wenyewe, nikafahamu kuwa walikuwa ni wachelewaji wa asubuhi ile. Kijana aliyefundishwa kuwa kazi ya jamii ni adhabu ya kuchelewa, akishamaliza kidato cha nne hatuoni sura yake tena katika mtaro wa mtu yeyote. Walimu wangu, nawaomba adhabu ibaki na jina lake la adhabu.

Wanangu wanafunzi, nanyi mna deni, na ni vyema lisemwe. Sekondari nyingi za kata hazikushuka kutoka mbinguni. Ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari mwaka 2004, wananchi walibeba mawe, wakafyatua matofali na kuchangishana fedha, ili mtoto asitembee hadi wilaya nyengine kutafuta kidato cha kwanza. Wengi waliobeba mawe hayo wenyewe hawakupata sekondari. Mkiwazibulia mtaro mnawalipa sehemu ndogo.

Nikirudi kwa anayepokea, wajibu wake ni upi?

Kwanza ni kuchagua kazi iliyo na haja. Mara nyingi mgeni rasmi anapotarajiwa, wanafunzi huitwa kupaka chokaa mawe ya barabarani. Mgeni akiondoka mvua huosha chokaa. Mtendaji aliye makini atakaa na Kamati ya Afya na mabwana afya mwezi mmoja kabla ya masika, aulize mtaro upi ulifurika mwaka uliopita, aanzie hapo. Aidha ahakikishe kuwa taka zikitolewa mtaroni lipo gari au mkokoteni wa kuziondoa siku ile ile. Nimeona mara nyingi, kwetu na kwengine, tope limerundikwa ukingoni na vijana kwa jasho lao, na mvua ya kwanza ikalirudisha mtaroni. Hakuna kinachomvunja moyo kijana kama hicho.

Pili ni vifaa na usalama. Maji yaliyotuama yana konokono wanaobeba kichocho, maradhi ambayo sisi wa Unguja na Pemba tunayafahamu sana na ambayo Ziwa Nyasa nalo halikuepukana nayo. Mwanafunzi asiingizwe mtaroni miguu mitupu. Ikiwa viatu vya mpira ni jozi kumi, basi waingie kumi, na wengine washike mafagio na reki juu ya ukingo. Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009, kwa upande wa Tanzania Bara, inakataza kumtumikisha mtoto katika kazi za hatari na kazi za usiku. Zanzibar tunayo Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011. Neno la kujitolea halimtoi mtumishi nje ya sheria hizo. Kupanda paa, kushughulikia nyaya za umeme au kuvuka mto uliojaa si kazi ya mwanafunzi, hata akiomba mwenyewe.

Tatu ni wakati. Mpunga una msimu wake, na mitihani ina tarehe zake. Mzazi anayemhitaji mwanawe shambani Jumamosi si mpinga maendeleo. Wasichana hasa wana kazi nyumbani kabla ya skuli na baada ya skuli, na tukiwaongezea ya tatu bila kuuliza, kinachopungua ni kusoma kwao. Saa mbili au tatu, mara moja kwa mwezi, kwa ridhaa ya mzazi, zinatosha. Na wasiishie kuteka maji na kupika wakati wavulana wanashika majembe na kupigwa picha.

Sasa nitaje huduma moja ambayo wanafunzi wakubwa hutoa na wengi hawaihesabu kuwa ni kazi ya kujitolea, nayo ni kuchangia damu. Tangu Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulipoanza katika mwaka 2004, wanafunzi wa sekondari wamekuwa nguzo kubwa ya wachangiaji wa hiari. Dalili yake inaonekana kila mwaka: skuli zikifungwa, akiba ya damu hupungua. Wakati huo huo mama anayetokwa na damu katika uzazi, na mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, hawangojei skuli zifunguliwe. Katika bonde lenye mbu kama hili sina haja ya kueleza zaidi.

Masharti yake ni haya. Mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito wake usipungue kilo 50, na awe na afya njema. Mwanamume huweza kutoa tena baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Kwa hiyo wahusika hasa ni wa kidato cha tano na cha sita. Mwenye miaka 16 asidanganye umri wake kwa ushujaa, na mwalimu asimfumbie macho ili idadi itimie.

Hapa pia anayepokea ana wajibu. Damu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Kijana aliyetoa damu ana haki ya kujulishwa majibu yake kwa siri, pamoja na kundi lake la damu, na asiyekuwa salama aelekezwe penye tiba bila ya kuaibishwa. Ukipita mitaani utasikia watu wakinong'ona kuwa damu inauzwa. Utaratibu wa Serikali ni kwamba damu haiuzwi, na dawa ya mnong'ono ni kumfanya mchangiaji aone mwenyewe damu yake inavyokwenda. Waganga wakuu wakienda skulini kila muhula, si kukusanya tu bali kueleza damu iliyopita imetumika vipi, mnong'ono utakosa pa kukaa. Nashauri pia safari moja ya kukusanya damu ipangwe wiki ya mwisho kabla ya likizo.

Walimu wetu wa chuoni walitufunza kwamba sadaka huharibika kwa masimbulizi, na naamini wachungaji na mapadri wa hapa wanafundisha mamoja na hayo. Kwa kawaida onyo hilo humwendea mtoaji. Lakini yapo masimbulizi ya kiofisi pia: ofisi inapochukua kazi ya vijana na kuiandika katika taarifa yake ya robo mwaka kana kwamba imeifanya wenyewe. Taarifa iandike jina la skuli, idadi ya wanafunzi, saa walizofanya na urefu wa mtaro. Hiyo si anasa. Mwanafunzi akiomba chuo au kazi, barua yenye maelezo kama hayo ina uzito kuliko cheti chenye mapambo.

Kwa watumishi wenzangu watakaoyasoma haya Visiwani: mitaro ya Ng'ambo inajaa masika kama ya Kyela, na benki yetu ya damu inawategemea vijana vile vile. Kila sheha na kila mwalimu mkuu anaweza kuanza na daftari moja lenye safu nne, yaani kazi, tarehe, aliyeiomba na aliyeikagua baada ya mwezi mmoja. Safu ya nne ndiyo itakayokuwa tupu mara nyingi, na Wilaya iianzie hiyo katika ukaguzi wake.

Ndugu Mwenyekiti, muda niliopewa umekwisha, na naona wapo wanafunzi wenye maswali. Naomba waanze wao kabla ya watumishi.